Risasi ya Bei Nafuu kwa Kulungu: Boksi la Kawaida Linatosha Lini?

Maboksi mawili yako mezani. Yote ni ya .308 Winchester, kipimo cha kawaida cha risasi za bunduki ya kuwindia, yote yana risasi 20, na vichwa vya risasi hizo vina uzito uleule wa greni 150, yaani gramu 9.7 hivi. Bei ya moja ni mara mbili na nusu ya mwenzake. La ghali limechorwa dume lenye pembe kama matawi ya mti mkavu. La rahisi lina jina la kiwanda na namba, basi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini methali hapa haikusaidii, maana risasi zilizomo ndani ya boksi la picha si mbaya hata kidogo. Ni nzuri sana. Swali ni kama uzuri huo una kazi yoyote kwa mnyama unayemfuata.

Jibu langu, baada ya misimu kadhaa ya kununua la rahisi, kisha kurudia la ghali kwa woga, kisha kurudi tena kwa la rahisi: kwa kulungu wa kawaida, kwa bunduki ya kasi ya kawaida, katika masafa ambayo wengi wetu tunafyatua, mara nyingi uzuri huo unakaa bure. Ila tahadhari moja. Kwenye rafu ya vitu vya bei ya chini kuna risasi za aina nyingi zilizochanganyika, na nyingi kati yake hazifai kumpigia kulungu kabisa. Anayechagua kwa kutazama bei peke yake anaweza kubeba nyumbani kitu cha kujeruhi mnyama na kumpoteza vichakani.

Tuanze na maneno, kwa sababu Kiswahili kinatutega hapa. Risasi ni madini, ile metali nzito, laini, ya kijivu. Risasi pia ni kile kitu kizima unachokiingiza kwenye chemba ya bunduki. Na risasi tena ni kile kinachotoka mtutuni kikampata mnyama. Nikisema "risasi" nitakuwa nazungumzia kitu kizima: ganda, fataki ya kuwashia kitakoni mwake, baruti tumboni, na kichwa mbele. Kinachoruka ni kichwa. Metali nitaiita madini ya risasi. Na kulungu ninayemsema ni wa ile jamii ambayo madume huota pembe zenye matawi na kuzipukutisha kila mwaka: kuanzia yule mdogo wa Ulaya mwenye kilo ishirini na kitu, hadi yule wa mkia mweupe wa Amerika ambaye mara nyingi yuko kati ya kilo 45 na 100 na ushei, hadi dume jekundu la Ulaya linaloweza kupita kilo 200.

Kichwa kina kazi gani mwilini

Kulungu haangushwi kwa kumbo. Picha ya mnyama anayerushwa nyuma na risasi ni ya sinema. Kichwa cha gramu 10 hakina uzito wa kumsukuma mnyama wa kilo 70. Kinachomuua ni damu kumtoka upesi na mapafu kuporomoka. Hata aliyepigwa vizuri katikati ya mapafu mara nyingi hukimbia mita 50, wakati mwingine 100, kabla miguu haijamwisha nguvu. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili kutoka kwa kichwa, navyo vinavutana: kitanuke ili tundu liwe pana, na kiendelee kupenya ili kifike mapafu yote mawili na ikiwezekana kitokee upande wa pili. Tundu la kutokea ndilo linaloacha damu ardhini, na damu ardhini ndiyo inayokuonyesha mnyama alipolala.

Kinachotanuka sana hupoteza nguvu ya kupenya. Kinachopenya sana bila kutanuka huacha tundu jembamba kama la msumari. Bei yote ya vichwa vya kuwindia, kuanzia kile cha chini kabisa hadi cha juu, inatokana na jinsi kiwanda kilivyosuluhisha ugomvi huo.

Suluhisho la zamani na la bei ndogo ni kichwa cha ncha laini. Kiini ni madini ya risasi, mara nyingi yaliyochanganywa na antimoni kidogo ili yawe magumu kiasi. Juu yake kuna gamba la shaba lililofunika ubavu na kitako, lakini mbele limeachwa wazi ili ncha ya kiini ichungulie. Ncha hiyo ikigusa mnyama hubonyea, gamba hupasuka na kukunjuka kwenda nyuma, na kichwa kizima huchanua kama uyoga. Remington walianza kuuza Core-Lokt yao mwaka 1939, na hadi leo iko madukani, ikiuzwa kwa bei ya chini. Wenzake ni Power-Point ya Winchester, Power-Shok ya Federal, InterLock ya Hornady, pamoja na vichwa vya ncha laini vya Sellier & Bellot na Prvi Partizan. Zipo tofauti baina yao. InterLock, kwa mfano, ina pete ndani ya gamba inayokishika kiini kisichopoke. Lakini kwa ukoo hawa ni ndugu wa baba mmoja.

Nina kichwa kimoja cha namna hii ndani ya kikopo. Nilikitoa chini ya ngozi ya ubavu wa pili wa dume la kilo 80 hivi, kikiwa kimebaki na upenyo mdogo tu wa ngozi kitokee. Kiliingia kikiwa na kipenyo cha milimita 7.8, sasa kina karibu 14. Gamba limejikunja vipande vinne visivyolingana, kama maganda ya ndizi, na katikati madini ya risasi yamebaki yakiwa yamekwaruzwa na kung'aa. Nilikipima kwa mizani ndogo: greni 98. Greni 52 zimebaki njiani, ndani ya nyama na mapafu. Anayeuza vichwa vya ghali atakuonyesha kitu kama hiki na kusema tazama, kimepoteza theluthi ya uzito wake. Ni kweli. Naye yule dume alikwenda hatua arobaini akaanguka. Vyote viwili viko kwenye mizani.

Nafuu isiyo nafuu

Sasa twende kwenye mitego ya ile rafu ya chini.

Wa kwanza ni risasi ya gamba zima, ya mtindo wa kijeshi, ambayo shaba imefunika ncha yote. Karibu kila mahali ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, kwa sababu hutengenezwa kwa mamilioni. Haikusudiwi kutanuka. Azimio la The Hague la mwaka 1899 liliyakataza majeshi kutumia vichwa vinavyotanuka au kubapa mwilini, na tangu hapo risasi ya askari na risasi ya mwindaji zimeachana njia: kile ambacho sheria ya vita inakikataza ndicho mwindaji anachotakiwa kukitumia, kwa kuwa yeye anataka mnyama afe upesi. Nchi na majimbo mengi yanapiga marufuku gamba zima kwa kulungu. Huko England na Wales, sheria ya kulungu ya mwaka 1991 inataka kichwa chenye ncha laini au ncha yenye tundu, basi. Tumia gamba zima kufanyia mazoezi, ukitaka. Usiende nalo porini.

Mtego wa pili ni mjanja zaidi, kwa kuwa una tundu kwenye ncha. Vichwa vya mashindano ya kulenga shabaha mara nyingi huwa na kitundu kidogo mbele, na mtu akikiona hudhani kimewekwa ili kichwa kichanue. La. Gamba la vichwa hivyo huvutwa kutoka kitakoni kwenda mbele ili kitako kiwe sawasawa kabisa, na kitundu ni pale gamba lilipokutana. Kimebaki tu. Kikimpata kulungu, mara hupita moja kwa moja, mara husambaratika, na huwezi kujua leo ni zamu ya lipi. Maelezo ya kiwanda kwenye boksi ndiyo yanayomaliza ubishi: kama hayakutaja kuwinda, si ya kuwinda.

Vipo pia vichwa vyepesi vya kuulia wanyama wadogo waharibifu, vyenye gamba jembamba linalopasuka mara tu likigusa kitu. Kwenye .243 Winchester utavikuta vya greni 55 au 58, vikiwa na kasi ya kutisha. Begani mwa kulungu hutengeneza kidonda kikubwa cha juujuu huku mapafu yakibaki salama. Bunduki hiyohiyo ikipewa kichwa cha ncha laini cha greni 95 au 100 inakuwa silaha ya kulungu isiyo na shaka.

Na akiba za zamani za jeshi? Nyingi ni gamba zima, kwa hiyo zimeshatoka kwenye mjadala. Niongeze tu kwamba fataki za zamani zilikuwa na chumvi ya klorati, na mabaki yake hunyonya unyevu wa hewa na kuutafuna mtutu kwa kutu. Mafuta ya bunduki hayaondoi chumvi. Maji ndiyo huiondoa. Nafuu uliyoipata kwenye boksi unailipa kwa mtutu.

Yote yanarudi kwenye kasi

Hapa ndipo pana ufunguo wa jambo lote, na ndipo wauzaji wengi hupita haraka. Kichwa cha ncha laini hakina tabia moja. Kina tabia ya kasi kinapofika.

Chukua .308 ileile ya greni 150. Inatoka mtutuni ikiwa na kasi ya mita 860 hivi kwa sekunde. Ikifika mita 200 imebaki na karibu 680. Mita 300, karibu 590. Vichwa vingi vya ncha laini huhitaji kama mita 550 kwa sekunde ili vichanue kwa uhakika, kwa hiyo ukivuka mita 300 na kuelekea 400 unaingia mahali ambapo kichwa kinaanza kufanya kama msumari. Kutoka mdomoni mwa mtutu hadi mita 300, kichwa cha bei ndogo kiko nyumbani kwake. Ni umbali mkubwa. Simama uutazame uwanjani, mnyama akiwa kama mdudu mbele ya darubini, ujiulize ni mara ngapi umefyatua mbali hivyo.

Sasa chukua kichwa kilekile ukitie kwenye .300 Winchester Magnum, ambako greni 150 hutoka kwa kasi inayokaribia mita 1,000 kwa sekunde. Mpige kulungu kwenye mfupa wa bega akiwa mita 30. Kichwa kilichoundwa kivumilie kasi ya mita 800 kwa sekunde kinakutana na mfupa kikiwa na kasi ya 970 na zaidi. Kinaweza kuvunjikavunjika kabla hakijafika mapafu, na nyama ya bega lote ikawa uji wa damu. Kichwa ni kilekile, pesa ni zilezile, ila kasi imekiondoa kwenye kazi kilichofundishwa. Mwenye bunduki ya namna hii ana sababu ya haki ya kulipia zaidi. Au achague kichwa kizito zaidi cha ncha laini, greni 180, ambacho hutoka polepole kidogo na kina nyama ya kutosha kupoteza.

Kinyume chake ni .30-30 Winchester ya mwaka 1895, inayorusha greni 170 kwa mita 670 hivi kwa sekunde. Vichwa vyake hutengenezwa laini zaidi kwa sababu hiyo, na huchanua vizuri katika kasi ambayo .308 ingeiita uzee. Nyingi za bunduki hizo zina magazini ya bomba, ambamo risasi hulala zikifuatana, ncha ya moja ikigusa fataki ya nyingine. Ndiyo maana vichwa vyake ni butu au bapa. Usiingize humo kichwa chenye ncha kali ya chuma au shaba eti kwa kuwa kilikuwa na punguzo. Teke moja tu la bunduki linaweza kuigonganisha ncha hiyo na fataki ya risasi iliyo mbele yake, nayo ikalipuka.

Katikati ya hizo mbili ndiko waliko wengi: .308, .30-06, .270 Winchester, 7x57, 6.5x55, 8x57, 6.5 Creedmoor, .243. Nyingine zina umri wa zaidi ya karne. Vichwa vya kawaida vimesanifiwa vikilenga kasi za familia hii hasa. Mwenye mojawapo ndiye anayeandikiwa makala haya.

Kile ambacho bei kubwa hununua

Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa British Columbia, Kanada, akiwinda mnyama mkubwa kuliko wote katika jamii ya kulungu, mwenye uzito wa farasi. Ngozi ya mnyama ilikuwa imeganda matope. Vichwa vyake, vilivyokuwa vinakwenda kwa kasi kubwa, vilipasuka kwenye matope na ngozi bila kuingia ndani inavyotakiwa. Alirudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele huchanua, nusu ya nyuma hubaki nzima na kusukuma. Alianza kukiuza mwaka 1948 kwa jina la Partition, na bado kinauzwa.

Baadaye vikaja vichwa ambavyo kiini kimeshikanishwa na gamba hadi havitengani, kama Fusion ya Federal na Oryx ya Norma, vinavyobaki na asilimia 80 au 90 ya uzito wao. Mwaka 1989 Barnes wakaanza kuuza kichwa cha shaba tupu, kisicho na kiini chochote, kinachofunguka kwa petali na kubaki karibu na uzito wake wote. Na zikaja ncha za plastiki, ambazo hufanya kichwa kipasue hewa vizuri zaidi na huchochea kuchanua.

Ukiitazama historia hiyo utaona kwamba karibu kila hatua ilizaliwa na mnyama mgumu au kasi kubwa au umbali mrefu. Ni dawa nzuri ya ugonjwa ambao kulungu wa kilo 70 akiwa mita 120, ubavu wake ukikutazama, hana. Mbavu zake ni nyembamba. Kati ya ngozi hii na ile kuna sentimita thelathini na kitu, na nyingi ya hizo ni mapafu, yaani hewa. Kichwa kigumu sana hapo kinaweza hata kupita kabla hakijafunguka vya kutosha, na mnyama akaenda mbali zaidi kuliko angeenda kwa kichwa cha bei ndogo. Hilo huwashangaza watu, nami lilinishangaza.

Ncha ya plastiki na umbo la kupasua hewa nazo zina faida iliyokuzwa. Kwa .308 iliyolengwa sawasawa mita 100, kichwa cha kawaida kikifika mita 200 kimeshuka sentimita 10 hadi 13. Kile chenye umbo jembamba zaidi kimeshuka pungufu kidogo tu. Tofauti yao haizidi upana wa kidole gumba. Mapafu ya kulungu wa ukubwa wa kati yana upana wa sahani ya kulia chakula. Faida huanza kuonekana baada ya mita 300, ambako tayari nimeshakushauri usifyatue.

Wapo wanaohitaji dawa hiyo. Mwenye bunduki ya kasi ya juu nimeshamtaja. Mwingine ni anayewinda dume jekundu la kilo 200 na huenda akapata nafasi ya kumpiga mnyama akiwa amesimama mshazari, bega likitangulia. Na yupo ambaye sheria imemchagulia.

Huyo wa mwisho ni wa kutazamwa vizuri, kwa sababu idadi yake inaongezeka. California, tangu tarehe 1 Julai 2019, haikubali madini ya risasi katika kuwinda mnyama yeyote wa porini. Ilianza kwa kumhurumia tai mkubwa anayekula mizoga, kondori, aliyekuwa akisumika kwa vipande vilivyobaki kwenye matumbo yaliyotupwa na wawindaji. Denmark ilifuata kwa risasi za bunduki za mtutu wenye mifuo, yaani mifereji iliyosokotwa ndani yake ili kukizungusha kichwa, mwezi wa Aprili 2024. Kwa hiyo huko unanunua, kama lugha yetu inavyotulazimisha kusema, risasi isiyo na risasi.

Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi: gramu 8.96 kwa sentimita moja ya ujazo, dhidi ya 11.34. Kichwa cha shaba cha greni 150 ni kirefu kuliko cha kawaida cha uzito uleule, na kirefu kinahitaji mifuo ya mtutu iliyosokotwa kwa karibu zaidi ili kitulie hewani. Suluhisho ni kushuka ngazi moja ya uzito. Mwenye kuzoea greni 150 achukue 130. Kinatoka kwa kasi zaidi, na shaba inaipenda kasi; wengi hushauri isifike kwa mnyama ikiwa chini ya mita 600 kwa sekunde. Bei za shaba tupu zimekaribia za kawaida kwa baadhi ya viwanda, kwa hiyo usidhani kwamba sheria imekuhukumia boksi la juu kabisa.

Hata pasipo sheria, zile greni 52 zilizobaki ndani ya dume langu hazikupotea. Vipande vidogo vya madini ya risasi husafiri mbali na njia ya tundu, vingine vidogo kiasi kwamba jicho na ulimi havivijui, na huonekana tu kwenye picha ya eksirei. Nyama iliyo karibu na kidonda ikatwe kwa ukarimu na kutupwa pasipofikiwa na ndege wala mbwa. Kwa nyumba yenye watoto wadogo au mama mjamzito, mimi ningenunua shaba na kuacha mjadala wa bei.

Karatasi ndiyo mwamuzi

Baada ya kuchagua aina, bado hujachagua risasi, kwa sababu bunduki yako nayo ina kauli. Mitutu miwili ya kiwanda kimoja, iliyotoka siku moja, inaweza kupenda risasi tofauti. Ninachofanya ni kununua boksi moja moja la aina tatu za bei ndogo, uzito ukiwa mmoja, na kwenda nazo kwenye uwanja wa shabaha siku isiyo na upepo.

Nilipofanya hivyo mara ya mwisho, aina ya kwanza ilitoboa karatasi matundu yaliyosambaa kama nzi ukutani, sentimita tisa kutoka la juu hadi la chini, kwa mita 100. Ya pili, sentimita nne. Ya tatu iliweka matundu matatu ya mwanzo yakigusana, nikaanza kutabasamu. La nne na la tano yakatoka nje kwa sentimita tano. Risasi tatu hudanganya. Piga tano, uache mtutu upoe, upige tano nyingine, ndipo uamini. Niliondoka na ile ya pili, ambayo ilikuwa pia ya bei ya chini kuliko zote tatu, jambo ambalo halitokei kila mara na ambalo sikulijulia sababu nyingine zaidi ya bahati ya mtutu wangu. Kwa kulungu, matundu matano ndani ya sentimita tano kwa mita 100 yanatosha na kubaki. Anayetafuta sentimita moja anacheza mchezo mwingine, mzuri, lakini mwingine.

Usichanganye aina katikati ya msimu. Risasi mbili za uzito mmoja kutoka viwanda viwili zinaweza kutua mahali tofauti kwenye karatasi kwa sentimita kadhaa, hata darubini haijaguswa. Ukifanyia mazoezi gamba zima la bei ya chini, sawa, ila kabla ya kwenda porini rudi kwenye karatasi na risasi utakayowindia. Na soma maandishi yaliyochongwa kitakoni mwa ganda kila unapofungua boksi jipya: risasi ngeni ndani ya chemba isiyo yake si suala la shabaha tena, ni suala la uso wako.

Kuhusu kujaza maganda mwenyewe nitasema kidogo. Ganda hutumika mara kadhaa. Unanunua kichwa, baruti na fataki, na kila risasi inashuka bei. Vifaa lakini vina gharama yake ya mwanzo, na anayefyatua risasi 60 kwa mwaka atazeeka kabla havijarudisha pesa. Anayefyatua 600 ni hadithi nyingine. Hapo anza na kipimo cha chini cha baruti kilichoandikwa kwenye kitabu cha kiwanda, si kile ulichosimuliwa na rafiki.

Hesabu ya mwisho ni hii. Wawindaji wengi humfyatulia kulungu risasi tatu, nne, labda kumi kwa msimu mzima. Zilizobaki zote huishia kwenye karatasi. Ukitumia risasi za ghali, unazilipa pale kwenye karatasi, na ndiyo maana wenye boksi la picha wengi hufanya mazoezi kidogo: wanazionea huruma. Ukishaijua risasi ya bei ndogo ambayo bunduki yako inaipenda, rudi dukani na ile namba ya bechi, yaani ya kundi la risasi zilizotengenezwa pamoja, iliyopigwa muhuri kwenye kifuniko, ununue maboksi matano ya bechi hiyohiyo. Risasi 100: 15 za kurekebisha darubini, 60 za kupigia ukiwa umekaa, umepiga goti, umeegemea mti, na 25 za msimu huu na ujao. Ziweke pakavu, mbali na joto. Mimi hukata kipande cha kifuniko chenye ile namba na kukibandika kwa utepe ndani ya mkoba wa bunduki, chini yake nikiandika kwa kalamu ya risasi: mita 100, katikati; mita 200, inashuka sentimita 12.